Magunia Arobaini Chini ya Zulia

RISALA YA KIKUNDI CHA WAYEYUSHA ALUMINI WA KEDUNGPRIGI KWA MKUU WA WILAYA, SIKU YA KUWEKA JIWE LA MSINGI LA SHULE YA CHEKECHEA

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Pak Hendratmo, uliyeacha ofisi yenye kiyoyozi ukaja kukalia kiti chetu cha plastiki, ambacho tumekifunika kitambaa cheupe ili usikitambue;

Waheshimiwa mliofuatana naye katika magari saba;

Pak Wiryadi wa Idara ya Itifaki, ambaye ameshika mkononi nakala ya risala nyingine kabisa, na sasa hivi anaitafuta sentensi hii humo asiione;

Majirani, akina mama, na watoto mliovalishwa viatu leo;

Assalamu alaikum.

MAKARIBISHO

Mheshimiwa, tumefurahi kukuona. Tunasema hivyo kwa moyo wote, maana mara ya mwisho Mkuu wa Wilaya kufika Kedungprigi barabara ilikuwa imefungwa na mafuriko, naye alikuwa anatafuta njia ya kwenda kwingine. Akina mama wamepika mlima wa wali wa manjano tangu alfajiri, na kuku watano wametangulia mbele ya haki kwa ajili yako. Karibu sana.

Tunaomba radhi kwa jambo moja la uandishi. Anayekusomea ni Bu Ngatmini, mama mwenye tanuri la tatu kutoka mtoni. Humu ndani utamsikia akimtaja Bu Ngatmini kana kwamba ni mtu mwingine. Hajachanganyikiwa. Risala ni yetu sote, lakini sehemu kubwa inamhusu yeye, na ndiye tuliyemchagua aisome. Alilalamika sana kikaoni. "Jamani, mbona mnaniandika kama marehemu?" Mwenyekiti wetu, Pak Kasmuri, akamjibu, "Marehemu husifiwa, Bu. Wewe humu husifiwi." Ameapa mbele ya kikundi kwamba hatabadilisha neno wala hataruka aya. Tunamfahamu, kwa hiyo wawili wetu wamesimama nyuma yake na nakala.

HISTORIA YETU

Sisi ni matanuri kumi na tisa. Babu zetu waliyeyusha sufuria zilizotoboka na kutengeneza sufuria mpya, na hapakuwa na kilichobaki ila moshi. Kisha viwanda vya mjini vikakua. Vinapoyeyusha alumini, juu yake hutanda povu zito, nalo wakiliengua bado lina alumini yake ndani. Wao hawana subira nalo. Sisi tunayo. Wanatuuzia povu hilo kwa lori, tunaliyeyusha mara ya pili, tunapata mikuo mizuri, na mikuo hiyo inanunuliwa na viwanda vilevile vilivyotuuzia. Huenda hata fremu ya dirisha la ofisi yako ilipita mikononi mwetu.

Kinachobaki baada ya hapo ni majivu ya kijivu, laini, mazito kuliko yanavyoonekana. Kiwanda hakiyachukui tena. Kilishauza, kikapata risiti, kikasahau. Kwa hiyo majivu ni yetu, na sisi hatukulelewa kutupa kitu chenye uzito.

MAFANIKIO

Tumesawazisha kijiji kizima. Barabara ya makaburini, ambako zamani maiti alikuwa anatikiswa hadi watu wanamwonea huruma, tuliijaza majivu na sasa ni tambarare. Kingo za mabwawa ya samaki ni magunia ya majivu yaliyopangwa. Uwanja wa mpira wa vinyoya ni majivu matupu, na tangu tuujaze hauoti nyasi hata moja, kwa hiyo tumeokoa kazi ya kufyeka. Kwa miaka mingi hilo la nyasi tulilihesabu kuwa faida.

Kila palipo na shimo, mtu hupiga kengele ya kazi ya pamoja, na kila tanuri huleta magunia yake. Huo ndio ungwana wetu. Anayeleta machache husemwa. Bu Ngatmini hajawahi kusemwa.

Mafanikio mengine ni adabu. Majivu haya yakipata maji hutoa harufu kali ya kuchoma macho, kama choo cha stendi mwezi wa mfungo. Lakini hapa kwetu hakuna anayemwaibisha jirani. Mtu akiisikia harufu husema, "Paka wa nani huyo?" Wenzake hujibu, "Paka hao, wamezidi." Kijiji kina paka watatu, Mheshimiwa, na mmoja ni mzee hata kutembea hawezi.

CHANGAMOTO

Sehemu hii Pak Wiryadi aliifuta kwa kalamu nyekundu, akapendekeza pahala pake tuweke "Mandhari". Tumeirudisha. Mandhari utayaona mwenyewe ukigeuka.

Serikali haijakaa bure juu ya majivu yetu. Tunakiri. Miaka mitatu iliyopita ilikuja na polisi ikafunga matanuri matano ya upande huu wa mto. Baada ya wiki moja matanuri hayo yalikuwa upande wa pili wa mto, katika wilaya isiyo yako. Kwenye ripoti yako yalipungua matano. Moshi wake ulivuka kurudi kwetu bila kulipa nauli ya kivuko.

Mwaka uliofuata tukaambiwa kila tanuri liombe kibali cha kuhifadhi taka hatarishi. Bu Ngatmini, kwa kuwa anajua kusoma maandishi madogo, alikwenda wilayani kuchukua fomu. Fomu ilitaka jina la mkurugenzi wa mazingira wa kampuni, idadi ya maabara, na ramani ya njia za dharura. Kampuni yake ni yeye, shemeji yake na makoleo mawili. Kwenye mkurugenzi akaandika jina la shemeji. Kwenye njia za dharura akachora mlango. Karani pale dirishani alicheka mpaka akaita wenzake, kisha akamwambia kwa upole, "Mama, fomu hii ni ya viwanda vyenye watu mia tisa." Bu Ngatmini akamuuliza, "Na ya watu wawili iko wapi?" Karani akasema haijatungwa.

Dampo maalumu la taka hatarishi lipo, tena zuri, tumeliona kwenye kalenda yenu. Liko mwisho wa kisiwa, siku nzima kwa lori. Halipokei chini ya lori zima, na halipokei lori lisilo na kibali chake. Tanuri moja hulijaza lori hilo kwa miezi minne. Kwa miezi hiyo minne majivu yakae wapi? Hilo fomu haikuliuliza.

Na yapo maji. Miaka miwili iliyopita vijana watatu wa wilayani waliovaa glavu walichota maji katika visima vyetu sita wakaondoka nayo kwenda kuyapima. Kwa vile walisahau chupa zao, tuliwaazima zetu, za sharubati, za glasi nene ambazo siku hizi hazitengenezwi tena. Majibu hayajarudi. Chupa nazo hazijarudi. Mwenye chupa tatu kati ya hizo ni Bu Ngatmini, na kila mara redio ikitaja jina la wilaya yeye hukohoa.

HABARI ZA UWANJA HUU

Hapa msomaji atataka kunywa maji. Asinywe. Birika lililo hapa mezani lina kazi baadaye.

Mheshimiwa, habari za kuja kwako zilipofika mwezi uliopita, uwanja huu ulikuwa na mabonde. Tungekuwekaje wewe kwenye mabonde? Kengele ikapigwa. Bu Ngatmini alikuwa wa kwanza kufika, toroli limejaa, akarudi akajaza tena, akarudi tena. Alileta magunia arobaini, majivu ya tanuri lake mwenyewe, mapya, ya msimu huu. Aliyamwaga, akayasambaza kwa miguu mitupu, akamwaga udongo mwembamba juu yake, akasimama katikati na mikono kiunoni. Tunamkumbuka uso wake siku hiyo. Alikuwa na furaha kama mtu aliyetandika kitanda cha mgeni.

Mjukuu wake, Kinasih, ana miaka minne, naye ni wa tatu kwenye orodha ya watoto wa chekechea hii. Wiki iliyofuata kulinyesha manyunyu, kidogo tu, ya kushtua kuku. Siku hiyohiyo Mkunga Palupi alikuwa amekuja kupima uzito wa watoto, akatandika mkeka hapa uwanjani kwa sababu palikuwa tambarare. Watoto wakaanza kulia, mmoja baada ya mwingine, macho yakiwatoka machozi. Mama mmoja akasema, "Paka hao." Mkunga Palupi akakunja mkeka, akawapimia watoto barabarani.

Kinasih alikuwa akicheza pembeni bila viatu. Alirudi nyumbani akachuchumaa kwenye beseni.

"Bibi, uwanja umenipika miguu," akasema.

"Uwanja haupiki, mama. Umekanyaga siafu wewe."

"Siafu wanauma. Huu unapika."

Bu Ngatmini aligeuza nyayo za mtoto akaziona zimekuwa nyekundu, na vipele vimeota katikati ya vidole. Alizipaka mafuta ya nazi. Kisha akachukua birika la chai iliyopoa, akatembea peke yake mpaka hapa, akachimba kwa kidole mahali fulani, akamimina. Ametueleza mwenyewe kilichofuata. Kwanza ukaja mlio kama wa kitu kinachokaangwa mbali. Kisha udongo ukawa moto chini ya kiganja chake. Kisha harufu. Alitazama huku na huku kutafuta paka wa kumsingizia, na hapakuwa na paka, palikuwa na yeye. Akakaa chini palepale. Alipika majivu haya miaka ishirini na sita na hakuwahi hata siku moja kuyafikiria kwa nyayo za mtoto.

Alipokuja kutueleza, hatukumpokea vizuri. Tunaliandika hili kwa aibu.

"Wewe Bu Ngat, nyamaza kwanza, bwana," Pak Kasmuri alimwambia. "Jiwe likishawekwa, shule ni yetu. Mambo ya majivu tutayaona baadaye."

"Baadaye lini? Sakafu ikishamwagwa, utachimba chini ya madawati?"

"Sementi itaziba."

"Sementi ya serikali, Pak? Hiyo ya ngazi ya zahanati, iliyopasuka kabla ya mkandarasi kulipwa?"

Watu wakacheka, na alipoona wanacheka akalia. Hatukuwa tumewahi kumwona akilia, hata alipozika mume. Mama mmoja akasema, "Lakini Bu, magunia si ni yako?" Akasema, "Ndiyo, ni yangu. Ndiyo maana nasema." Kisha Pak Kasmuri akavua kofia akajikuna, na hiyo kwake ni dalili ya kushindwa. Akasema, "Haya. Basi wewe ndiye utakayesoma."

Bu Ngatmini aliomba sentensi moja tu iingizwe kwa maneno yake mwenyewe. Ni hii: "Nilidhani ninawatengenezea uwanja."

PONGEZI KWA IDARA YA ITIFAKI

Pak Wiryadi alikuja kukagua uwanja mara tatu. Mara ya pili aliagiza vyungu vya maua ya njano vipangwe mbele ya jukwaa, vikamwagiliwa, maji yakachuruzika chini, na asubuhi yake maua yote yakawa yamelala. Aliinama, akanusa, akainuka haraka. "Paka wenu hawa!" akasema. Tuliona kwamba ameshakuwa mwenyeji. Tangu hapo aliamuru mtu asimwage hata tone la maji uwanjani, akaleta zulia jekundu, na akachagua kiti cha mgeni rasmi kiwekwe pale palipo tambarare kuliko pote.

Kwa kuwa ni mwezi wa kumi na mawingu yameshaanza kushuka, aliajiri pia fundi wa kuzuia mvua. Fundi yuko kule nyuma ya hema, amechomeka pilipili na vitunguu kwenye ufagio, anavuta sigara. Tunampongeza. Kijiji hiki kilimwomba Mungu mvua tangu juzi, mara moja katika maisha yake kikitaka inyeshe kwenye sherehe, na fundi ametushinda sote. Ndiyo maana maji tumeyaleta wenyewe kwenye birika.

MAOMBI

Ombi la kwanza, Mheshimiwa, ni kwamba usiweke jiwe leo.

Tunajua tunachokisema. Tunajua bajeti ya shule hii isipoanza kutumika kabla ya Desemba inarudi ilikotoka, na kwamba vijiji viwili jirani vimeshaanza kufyeka viwanja vyao kwa matumaini. Tumekaa na hofu hiyo usiku na mchana. Watoto wetu ishirini na nane husomea kwenye baraza la msikiti, na Ijumaa hawasomi. Shule tunaitaka. Tunaitaka pale palipo na mashina ya mihogo, nyuma ya nyumba ya Pak Kasmuri, mahali ambapo hatukuwahi kupasawazisha kwa sababu yeye ni mvivu. Ametoa kipande hicho, na karatasi ameshaweka saini. Ni udongo mtupu, wenye minyoo. Tumeuchimba mpaka kiunoni tukaumwagia maji ndoo tatu, na kilichotokea ni tope.

Barua ya kubadilisha kiwanja tunaambiwa inahitaji saini moja tu, na mwenye saini hiyo amekalia kiti chetu cha plastiki.

Ombi la pili ni la majivu yajayo, kwa sababu kesho matanuri yatawashwa tena, na hatutaki kukudanganya. Ukitufunga tutavuka mto. Hatusemi kwa jeuri, tunasema kwa kuwa tuna watoto wa kulisha, na wale watano walifanya hivyo. Ukituacha kama tulivyo, tutasawazisha na kilichobaki. Katikati hapo kuna njia tunayoiona sisi tusio na mkurugenzi wa mazingira. Tujengewe ghala moja la kikundi, lenye paa lisilovuja na sakafu ngumu, ili majivu yakae makavu. Matanuri yote kumi na tisa yawe na kibali kimoja, na fomu itungwe ya watu wenye makoleo. Tukiwa pamoja tunajaza lori kila wiki, na lori la dampo litakuwa na sababu ya kuja.

Nani alipie lori hilo? Tunaomba kiwanda kinachotuuzia povu kiandikwe kwenye risiti kwamba kimeuza na majivu yake, na kwamba safari ya mwisho ya majivu hayo ni juu yake pia. Leo kiwanda kikiuza povu kinahesabiwa kimepunguza taka, kinapewa cheti, kinapiga picha. Taka haijapungua, imehamia Kedungprigi. Kikijua kwamba yatakirudia, tunaamini kitajifunza kuliminya povu lake vizuri zaidi kabla ya kutuletea, na sisi tutapata machache ya kuyeyusha na machache ya kuzika. Tumekubali hasara hiyo. Tuliipigia kura, na Bu Ngatmini aliinua mikono yote miwili, tukahesabu mmoja.

Barabara ya makaburini, kingo za mabwawa na uwanja wa mpira wa vinyoya vinahitaji kuchimbuliwa polepole na watu wenye kujua. Sisi tutachimba, tuonyesheni tu namna.

Na majibu ya visima, Mheshimiwa. Yawe mazuri au mabaya, tunayataka. Kama yamepotea, basi chupa.

KABLA YA KUHITIMISHA

Hatukutaka uondoke ukiwa umetuamini kwa maneno tu. Watu wa ofisi yako wanaweza kukuambia kesho kwamba wanakijiji wametiwa maneno na fulani. Kwa hiyo tunakuomba ubaki umekaa, na uinue miguu yako kidogo.

Bu Ngatmini sasa anaweka karatasi hii juu ya meza, anachukua birika, anashuka jukwaani. Sentensi zilizobaki zitasomwa na Pak Kasmuri. Anakunja pembe ya zulia jekundu, hapo karibu na kiatu chako cha kulia. Amevua kandambili. Anajua mahali penyewe, maana alipajaza kwa mkono wake. Pak Wiryadi, tafadhali, muache apite.

Anamimina.

Tunyamaze wote kidogo, tusikilize. Kisha tutavuta pumzi pamoja, mgeni na wenyeji, na tunaomba leo mtu yeyote asitaje paka.

HITIMISHO

Mheshimiwa, chakula kiko tayari, nacho kimeandaliwa upande ule wa mihogo, upepo unakotoka. Mwiko wa mwashi, wa fedha, ulioletewa kwa ajili ya jiwe tunaomba uende nao huko, uguse udongo ule, usirudi mjini ukiwa safi.

Mungu akupe umri mrefu na pua isiyozoea. Awalinde waliofuatana nawe, amsamehe fundi wa mvua, awape watoto wetu mahali pa kukanyaga bila viatu. Na siku mvua itakapofika, kwa kuwa itafika, itukute tumeshahama hapa.

Ni sisi wako,
Kikundi cha Wayeyusha Alumini wa Kedungprigi, matanuri kumi na tisa.

Imesomwa na Bu Ngatmini hadi alipoweza. Magunia ni yake, na birika pia.